Mali Kauli

Siku ya nne baada ya kumzika Bamdogo, Mamdogo alinipigia simu akaniuliza tunawadai nani na nani wanatudai. Alikuwa ameanza kukaa eda, chumbani kwake Magomeni, na simu alikuwa ameiweka spika. Nilijua kwa sababu nyuma yake nilisikia sauti za wanawake, kisha zikanyamaza zote kwa pamoja ili zisikie jibu langu.

"Nenda dukani ukafungue kile kitu chako," alisema. "Nataka karatasi. Majina na pesa."

Kile kitu changu. Miaka tisa alikiita hivyo, hata mbele ya wageni. Mimi nilikiita tovuti, Bamdogo alikiita "kompyuta", na kijana wa dukani alikiita "daftari". Naona sasa kwamba kijana ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli.

Haraka ya Mamdogo ilikuwa na msingi. Pale makaburini Kisutu, kabla watu hawajatawanyika, Bamkubwa alisimama akatangaza kama inavyotangazwa siku zote: anayemdai marehemu aje kwa familia, na anayedaiwa na marehemu naye aje. Kwa sheria ya mirathi yetu, ukishatoa gharama za mazishi, kinachofuata ni deni. Wasia huja nyuma yake, na warithi nyuma zaidi. Hakuna mtoto anayegusa hata kiti cha dukani kabla deni halijajulikana. Na marehemu mwenyewe, tumefundishwa tangu madrasa, anashikiliwa na deni lake huko alikokwenda. Kwa hiyo swali la Mamdogo halikuwa la pesa tu.

Bamdogo aliuza khanga na vitenge kwa jumla, Mchafukoge, kwenye uchochoro unaotokea Mtaa wa Uhuru. Ni kata ambayo ukilikata jina lake vipande viwili unasikia mchafu anaambiwa akaoge, na Novemba ile ya 2023, mvua zilivyokuwa, sote tulikuwa tunaogeshwa bila kuambiwa. Biashara ya jumla pale haiendi kwa pesa taslimu peke yake. Inaenda kwa mali kauli. Mtu anatoka Tunduru au Masasi na nusu ya pesa, anaondoka na robota zima, na kilichobaki kati yake na mwenye duka ni neno. Akiuza, anatuma. Akikwama, anapiga simu. Mwenye duka naye amechukua mzigo kwa mwingine kwa mtindo huo huo. Ukiusimamisha mtaa ule dakika moja na kumwambia kila mtu alipe anachodaiwa, nadhani pesa ileile ingezunguka maduka kumi na kurudi ilikotoka.

Kazi kama hiyo inataka kumbukumbu. Bamdogo alikuwa na kauntabuku, zile kubwa za jalada gumu, moja kwa kila mwaka, zimepangwa chini ya kaunta. Mimi ndiye niliyeziondoa.

Mwaka 2014 nilikuwa nasoma stashahada ya kompyuta, na kichwa kilikuwa kimenijaa. Nilimwambia nitamtengenezea tovuti ya madeni. Nilimweleza kwamba itakuwa ndani ya kompyuta ya dukani tu, haitahitaji bando, na umeme ukirudi baada ya kukatika atakuta kila kitu kilipo. Nilijivunia hasa hilo la kutohitaji intaneti. Somo nililolifuata lilionyesha jinsi ya kukifanya kivinjari chenyewe kiwe ghala: ukurasa unafunguka kutoka kwenye diski, na data zinakaa ndani ya kivinjari.

"Zinakaa wapi?" Bamdogo aliniuliza.

"Ndani ya kivinjari."

"Ndani ya nani?"

Nilimwonyesha ile alama pale kwenye kioo. Aliitazama muda mrefu, kama anavyotazama mteja mpya aliyekuja bila mtu wa kumtambulisha. Kisha akasema haya. Alinipa mali kauli, na mimi nikaipokea bila kujua ninapokea nini.

Tulinakili madeni kwa wiki mbili. Alijifunza kuchapa kwa kidole kimoja, cha kati, sijui kwa nini cha kati. Zile kauntabuku zikabaki chini ya kaunta mpaka mwaka mmoja mtaro ulipofurika na maji kuingia dukani. Tukazitupa zikiwa zimevimba kama mikate. Hakuna aliyesikitika.

Nilipofika dukani siku ile, kijana alikuwa ameshafungua mlango nusu. Kwenye benchi walikaa watu wawili. Mmoja ni mzee kutoka Tunduru, aliyekuja mazishini akabaki, akisema deni lake alilimaliza kwa simu mwezi uliopita na anataka lifutwe mbele ya macho yake. Mwingine alitumwa na muuzaji mmoja mkubwa, na alisema marehemu alikuwa anadaiwa huko milioni tatu na laki mbili. Huyu wa pili alikuwa na kauntabuku kwapani. Sikupenda kuitazama.

Kompyuta ilikuwa inawaka. Tovuti ilifunguka na rangi zake zote: kichwa cha bluu nilichokichagua nikiwa na miaka ishirini na mbili, jina la duka, vitufe vya "Ongeza" na "Tafuta". Chini yake jedwali lilikuwa na vichwa vya safu tu. Jina, Mzigo, Deni, Kalipa, Maelezo. Pale palipoandikwa "Jumla ya madeni" palikuwa na nukta pacha, kisha weupe.

"Toka lini?"

"Leo asubuhi," kijana alisema. "Siku za msiba tulifunga. Leo nimewasha, nimechomeka modemu nione meseji, kivinjari kikajiapdeti, nikakifungua tena, ndiyo hivyo."

Mimi kazi yangu ni simu. Nina kijimeza Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwenye korido ya duka la mtu, nabadilisha vioo na kufufua zilizozima. Kila siku mtu ananiletea simu ambayo "ilikuwa nzima mpaka ilipojiapdeti", na dawa yangu ya kwanza naitoa bila hata kuinua macho: futa historia, futa vidakuzi na data za tovuti, zima, washa. Mara nyingi inatosha. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye menyu, kishale kiko juu ya hilo neno "futa", ndipo nikakumbuka jibu langu la mwaka 2014. Zinakaa wapi? Ndani ya kivinjari.

Nilitoa mkono kwenye kipanya.

"Wewe umefuta chochote?" nilimuuliza kijana.

"Nilitaka kufuta historia, kama ulivyonifundisha. Umeme ukakatika. Uliporudi na wewe ukawa umefika."

Miezi ile umeme ulikuwa wa mgao na kila mtu mjini alikuwa na laana yake ya kuutolea. Mimi tangu siku ile sijautolea tena.

Nilichomoa modemu kwanza, kabla ya jambo jingine, ili kisiingie kitu kingine wala kutoka. Halafu nikabonyeza F12. Ukibonyeza kitufe hicho kivinjari kinafunua ukurasa kwa ndani, na sehemu moja inaorodhesha malalamiko yake. Kulikuwa na mstari mmoja mwekundu, ukisema kwamba openDatabase haijulikani.

Hiyo ndiyo amri ya kwanza katika msimbo wangu wote. Ndiyo inayofungua ghala. Jana yake kivinjari kilikuwa kinaifahamu, leo kinaitazama kama jina la mtu aliyehama mtaa. Hakikusema data hazipo. Kilisema hakijui ninachokiomba. Ni mambo mawili tofauti, lakini kwa mzee aliyekaa kwenye benchi akisubiri jina lake lifutwe, weupe ni weupe.

Nilitumia bando la simu yangu kusoma, nimesimama mlangoni. Nilichokisoma kilinifanya nione aibu mbele ya khanga.

Ghala lile lilikuwa na jina, Web SQL. W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti, kiliacha kulishughulikia tarehe 18 Novemba 2010. Sababu yao inaeleweka ukiitafakari. Ili kitu kiwe kiwango, wanataka watengenezaji zaidi ya mmoja wakijenge, kila mmoja kwa njia yake, ndipo ijulikane kwamba maandishi ya kiwango yanajitosheleza. Hapa wote waliojenga walikuwa wamechukua programu ileile, SQLite, wakaiweka ndani ya kivinjari. Kiwango kikawa si maandishi tena bali ni tabia za programu moja. Mozilla, wenye Firefox, hawakukubali kuliingiza kabisa. Apple waliliondoa kwenye Safari mwaka 2019. Wenye kivinjari chetu nao walikuwa wametangaza tangu 2022 kwamba linaondoka, na onyo lilikuwa linatolewa kwenye eneo lilelile la F12, mahali ambapo muuza khanga hana sababu ya kufika.

Mimi nilijenga mwaka 2014. Mji huu unajua nyumba zilizowekwa X nyekundu ukutani kwa ajili ya upanuzi wa barabara, na watu wakaendelea kuishi humo mwaka baada ya mwaka, kwa sababu tingatinga halikuja mwezi ule. Mimi nilimpangisha Bamdogo chumba kwenye nyumba yenye X, na nikamwambia ni mpya. Somo nililolifuata halikuitaja. Lakini tangazo la W3C lilikuwa wazi, kwa yeyote ambaye angesoma ukurasa mmoja zaidi. Wala sikuweka kitufe cha kutoa nakala. Miaka tisa, na madeni ya watu yalikuwa sehemu moja tu duniani.

"Imeharibika?" mzee wa Tunduru aliuliza.

"Haijaharibika, mzee wangu. Mlango umebadilishwa. Natafuta dirisha."

Alitikisa kichwa kwa namna ambayo sikujua kama ni ya kuniamini au ya kunihurumia.

Niliwaza kurudisha toleo la zamani la kivinjari, nikaogopa. Ningeweza kuufuta wasifu wote kwa kitendo hicho. Nikaamua kutomgusa mgonjwa, nikamfuata pale anapohifadhi vitu vyake. Kivinjari kina folda yake kwenye diski, imefichwa, inabidi uiambie kompyuta ikuonyeshe vilivyofichwa. Nikashuka ngazi moja baada ya nyingine hadi kwenye folda iitwayo databases, na ndani yake nyingine iitwayo file__0, na ndani yake faili moja tu, halina mkia wa nukta kama mafaili mengine, jina lake ni tarakimu.

Ukubwa wake haukuwa sifuri. Nilikaa chini.

Nililifungua kwa programu ya kuandikia ya kawaida, nikijua nitaona takataka, na takataka nikaiona, alama na vijisanduku kioo kizima. Lakini mwanzoni kabisa palikuwa na maneno matatu yanayosomeka: SQLite format 3. Na chini huko, katikati ya vumbi lile, niliona neno "Tunduru". Nikashuka zaidi nikaona "korija 3".

SQLite ipo tangu mwaka 2000 na imo ndani ya kila simu ya Android ninayoifungua pale Aggrey. Meseji za mtu na majina kwenye simu yake vyote vinakaa humo. Kila siku naishika bila kuitaja. Kivinjari kilikuwa kimetupa ufunguo wake, lakini sanduku lenyewe lilikuwa la aina ambayo fundi yeyote ana ufunguo wake.

Nikanakili folda yote kwenye flashi, mara mbili, flashi mbili tofauti. Nikaifunga moja kwenye mfuko wa plastiki, nikaitia mfuko wa shati na kuufunga kifungo. Mvua ilikuwa imeanza tena. Nilimwomba mzee asubiri na nikamwomba mwenye kauntabuku aje alasiri. Nikavuka Bibi Titi, nikakatiza Mnazi Mmoja mkono mmoja kifuani kama mtu mwenye maumivu ya moyo, nikaingia Kariakoo.

Mezani kwangu nina laptopu na programu ya bure ya kusomea mafaili ya namna hiyo. Ilifunguka kwa sekunde mbili. Baada ya asubuhi nzima ya jasho, sekunde mbili. Mistari elfu moja mia moja na kitu, madeni yote tangu 2014, yaliyolipwa na yasiyolipwa, kila mmoja na tarehe na saa ya kuingizwa. Hiyo saa niliiweka mwenyewe kwa kujionyesha tu.

Nikamtafuta mzee wa Tunduru. Deni lake lilikuwa korija tatu, na malipo ya mwisho ya laki tatu yaliingizwa mwezi wa kumi. Limebaki sifuri. Nikampigia kijana amwambie aende kwa amani na amwagize chai. Yule wa muuzaji mkubwa tulitofautiana naye: yeye alikuwa na milioni tatu na laki mbili, sisi tulikuwa na milioni mbili na laki tisa. Hayo ni ya wazee, na wazee waliyamaliza wiki iliyofuata bila kuniita.

Kisha nikaanza kusoma safu ya Maelezo. Mimi niliiweka kwa ajili ya simu na anwani. Bamdogo alikuwa ameigeuza kuwa kitu kingine. "Mumewe anaumwa, asipigiwe." "Anasema Ijumaa, ni Ijumaa ya mwakani." "Huyu nilichukua kwake wakati ule, asiulizwe." Alikuwa anaandika kama anavyoongea, bila herufi kubwa, kidole cha kati kikitafuta herufi moja moja usiku baada ya kufunga. Saa zilionyesha hivyo: saa tatu usiku, saa nne kasoro. Miaka yote nilidhani ile tovuti inahesabu pesa.

Nilipanga majina kwa alfabeti ili niyachape. Ndipo nilipokutana na jina langu.

Machi 2016. Laki nane na nusu. Kwenye safu ya Mzigo, mahali pa khanga na vitenge, aliandika "kimeza". Kalipa: sifuri. Maelezo: hakuna kitu.

Naikumbuka ile bahasha. Nilikuwa nimemaliza chuo na kukosa kazi miezi minane. Alinipa kodi ya mezani na pesa ya vifaa, pale pale uchochoroni, akasema, "Kaanze." Hakusema nimekukopesha. Hakusema nimekupa. Mimi nilisikia nilichotaka kusikia, nikashukuru, nikaenda zangu, na kwa miaka saba sikumuuliza. Nilikuwa nakula kwake kila Ijumaa. Angeweza kunikumbusha kati ya wali na mchuzi.

Kwa wengine aliandika asidaiwe, au asiulizwe, au atalipa. Kwangu hakuandika chochote. Nilikaa nikiutazama ule weupe mwembamba wa kijisanduku kimoja kwa muda mrefu kuliko nilivyoutazama ule wa asubuhi.

Nitasema lililonipita kichwani. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeweza kulifungua faili lile. Mamdogo asingejua. Kijana asingejua. Kwenye programu ile, kufuta mstari ni kubonyeza mara mbili. Na hoja nilikuwa nazo: kwamba ni zawadi, kwamba aliandika tu ili ajue pesa imekwenda wapi, kwamba sisi ni familia, kwamba laki nane na nusu za 2016 na kazi yangu ya bure ya miaka tisa kwenye kompyuta yake zinaweza kukutana katikati. Hoja nzuri. Mteja mmoja alikuja na simu iliyoingia maji, nikaichukua, nikamwambia arudi kesho, na aliyokuwa ananieleza sikuyasikia.

Nilizichapa karatasi kwa jirani mwenye steshenari. Kurasa sita za wanaodaiwa bado, ukurasa mmoja wa wanaotudai. Usiku ule sikuweza kwenda Magomeni kwa ajili ya maji barabarani, kwa hiyo Mamdogo akasema nimsomee kwa simu, na mtoto wake aandike. Nikamwomba aondoe spika.

"Kwa nini?"

"Basi, acha iwe."

Nikaanza kusoma. Jina, deni, kilichobaki, maelezo. Alinikatiza mara kwa mara. Kwa huyu akaguna, kwa huyu akasema marehemu alikuwa mpole mno, kwa yule wa mume mgonjwa akasema mume yule alishafariki, aongezewe muda. Nilipofika kwenye herufi yangu nilisoma kama nilivyosoma wengine, jina la baba na yote. Machi 2016, kimeza, laki nane na nusu, hajalipa.

Wale wanawake chumbani wakawa kimya. Nilisikia kalamu ya mtoto ikisimama.

"Maelezo ameandika nini?" Mamdogo aliuliza.

"Hajaandika."

Akanyamaza. Mvua ilikuwa inapiga bati la kwake na bati la kwangu.

"Liandike," alimwambia mtoto. Kisha kwangu akasema, "Endelea."

Nikaendelea. Aliyefuata alikuwa wa Masasi, korija mbili, laki nne na nusu, amelipa laki moja.